Kisigino cha Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa Lisekese, chini kule Masasi, ambako hata Julai unaweza kulala na shuka moja. Nalisema hili mapema ili mtu wa Newala akisoma asiseme huyu mzee analia baridi kama kifaranga. Sikuzaliwa na baridi. Niliikuta huku juu, kama nilivyowakuta wakwe zangu, na vyote viwili ilibidi nijifunze kuviheshimu.

Kwetu sisi mwanamume ndiye anayehama. Unaoa, unabeba jembe lako na nguo zako mbili, unakwenda kujenga kwa kina mke wako, na mama yake ndiye anayekutazama kama kweli unajua kulima au ulidanganya. Nilipanda Newala nikiwa kijana, meno yote yapo, na sijashuka tena isipokuwa kwa misiba na kusalimia. Siku hizi meno yamebaki machache, lakini ua ni uleule: nyumba yetu upande huu, nyumba ya mama mkwe upande ule, jiko katikati, na mikorosho kuanzia nyuma ya choo mpaka kwenye mteremko.

Ninachotaka kusimulia ni kisigino. Kisigino cha kushoto cha mama mkwe wangu, ambacho kwa miaka yote tuliyokaa ua mmoja sikuwahi kukitazama, na mwaka jana baridi ilipoingia nikaachiwa mimi nikilinde kisipasuke.

Mama mkwe ana sukari. Waligundua hospitali kubwa ya Ndanda, miaka kadhaa nyuma, na tangu hapo anahudhuria zahanati iliyo karibu nasi. Muuguzi alimwambia, na mimi nilisikia kwa sababu nilikuwa nimekaa nje chini ya dirisha: "Bibi, wewe miguu yako haisikii tena vizuri. Ukipata ufa kwenye kisigino, hutajua. Ukiingia uchafu, hutajua. Siku utakayojua, tutakuwa tunazungumza habari ya kukata." Mama mkwe akamjibu kwamba mguu huo umeshuka na kupanda mteremko wa kwenda kuchota maji kabla mama wa huyo muuguzi hajazaliwa, na hautakatwa na mtu. Muuguzi akasema sawa bibi, basi upakwe mafuta kila siku na utazamwe kila siku. Hayo mawili. Kupakwa na kutazamwa.

Kumpaka ilikuwa kazi ya mke wangu. Kumtazama pia.

Sasa nieleze kidogo, maana vijana hawajui. Watu wa umri wetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaketi mkeka mmoja, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani mwenzake apite. Zamani hata kusema naye nilikuwa sisemi, alikuwa anasema na mke wangu kwa sauti kubwa na mimi nasikia. Uzee umetulegezea kidogo. Siku hizi tunazungumza, yeye akiwa ameelekea kule na mimi nimeelekea huku. Lakini mwili ni mwili. Mguu wa mama mkwe hauutazami, sembuse kuushika. Vijana wa leo wanapiga picha na mama wakwe zao wameshikana mabega, wanaturushia kwenye simu. Siwasemi vibaya. Ila mimi ningekufa.

Na kipupwe cha Newala usikisikie tu. Asubuhi ukungu unalala juu ya ua mpaka huoni jiko. Ukungu ukiondoka unakuja upepo, na upepo huo haukugusi, unakunyonya. Midomo inachanika, mikono inakuwa kama magome, na miguu inapauka mpaka ukijikuna unaacha mstari mweupe. Shule nilifika darasa la nne, na nasema kweli, mazoezi mengi ya kuandika nilifanyia kwenye mguu wangu mwenyewe uliopauka kwa vumbi la kwetu, kwa ukucha. Halafu miezi hiyohiyo ndiyo ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Unarudi shambani una vumbi la njano mpaka kwenye kope, na ngozi inayoipata salfa juu ya baridi inakunjamana kama karatasi iliyonyeshewa ikakauka.

Mwanamke huyu, katika baridi hiyo na vumbi hilo, ngozi yake inang'aa. Sisemi kwa sababu ni mkwe. Watu wote wa pale wanajua. Ameshapita miaka themanini, ana chale za zamani usoni, zile walizochanjwa wasichana wa wakati wao, na asubuhi jua likimpiga utaona kila chale ina mafuta yake. Mbegu ya nyonyo unaijua, ilivyo laini na madoadoa yake, kama imepigwa rangi ya kiatu? Ndivyo alivyo.

Na nyonyo ndiyo siri yake, ingawa hajaificha. Mnyonyo umeota wenyewe karibu na bafu lake, anakokwenda maji ya kuogea. Mbegu anazikaanga kidogo, anatwanga, anachemsha na maji kwenye sufuria moja ambayo haipikiwi kitu kingine. Mafuta yanapanda juu, anayaengua kwa upawa, anayarudisha motoni tena peke yake. Hapo ndipo nilipokuwa namwogopa kwa akili. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni vizuri, lakini anakaa ameinamisha kichwa anasikiliza. Mafuta yakiwa bado na maji yanatatarika. Sauti ikikatika, anasema "toa", na ukichungulia yako safi kama chai ya rangi. Dakika moja mbele yangeungua. Sijawahi kuona ameyaunguza. Akishamaliza anatia mafuta ya ufuta kidogo, kwa sababu nyonyo peke yake ni nzito, baridi ikiikuta inavutika kama gundi.

Duka lina losheni za kila rangi. Kuna mafuta ya mgando, kuna glisirini. Ya nazi yakifika kwetu mwezi wa saba yanaganda ndani ya chupa, inabidi uyaweke juani yaote. Mama mkwe hayadharau hayo. Anasema yote ni mazuri, tatizo ni watu, wanapaka wakishakauka. Yeye anapaka mwili ukiwa bado una maji. Hajifuti kwa nguvu, anajipapasa na kanga, maji yangali yanameta, ndipo anaweka mafuta juu. "Mafuta hayaleti maji," anasema. "Yanayafunga mlango yasitoke. Sasa ukifunga mlango nyumba ikiwa tupu, umefunga nini?" Na huyu ni mtu aliyekulia enzi za maji kutoka bondeni kichwani, mtu mzima anaoga kwa nusu ndoo. Labda ndiyo maana hakutaka tone liondoke bure.

Mimi elimu hii niliipata kwa aibu, na kwa kuwa nimeanza kusema kweli nitasema.

Kipupwe changu cha kwanza huku juu, bwana harusi mpya, visigino vilipasuka. Magaga, lakini si magaga ya mchezo, ungeweza kuficha punje ya mtama mle ndani. Kila hatua ni kisu. Mwenzangu mmoja tuliyekuwa tunapulizia naye salfa akaniambia dawa ipo, mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi tunayopaka kwenye nguzo za nyumba mchwa wasile. Alisema yanaziba ufa kama yanavyoziba tundu la mchwa. Sikumuuliza kama yeye mwenyewe aliwahi. Nikapaka visigino vyote viwili asubuhi, vizuri, kwa unyoya wa kuku, nikaenda shamba.

Anayejua korosho ameshacheka. Mafuta yale yanababua. Kufika mchana ngozi ilikuwa imevimba malengelenge, na jioni jua halijazama nikarudi nikitembea kwa vidole kama mtu anayeiba. Nikamwambia mke wangu nimekanyaga kaa la moto. Mama mkwe alikuwa jikoni anapeta mchele, na mimi nimejibanza ndani.

"Mwanangu," akaita, "huyo mwenzio amekanyaga moto wapi?"

"Anasema jikoni, mama."

"Jiko langu halijawashwa tangu asubuhi. Na moto haunuki korosho."

Mke wangu akanyamaza. Mimi ndani nikanyamaza zaidi.

"Mwambie mchwa hawali visigino," mama mkwe akasema. "Hakuwa na haja ya kujipaka."

Jirani wawili walisikia, na kwa miezi mingi nilikuwa nikipita kwenye kahawa mtu ananiuliza kama mchwa wamepungua. Lakini yule mama hakunicheka. Siku ileile alimtuma mke wangu, maneno yote anayasema kwa sauti yanifikie: aoshe kwa maji mengi na sabuni, atumie na maji ya kunywa yakibidi, asitie mafuta yoyote kwenye kidonda kibichi, akae ndani, salfa isimguse. Chakula changu kililetwa mlangoni siku tisa. Ngozi mpya ilipofunga, nikakuta chupa ya soda kizingitini, imezibwa kwa gunzi la mahindi, imejaa mafuta ya nyonyo. Hakuna aliyesema imetoka wapi. Tangu mwaka ule sijapata magaga tena, na chupa haijawahi kukauka.

Kwa hiyo mtu asishangae nilivyoogopa mwaka jana.

Binti yetu wa mwisho anaishi Masasi mjini. Mwezi wa saba alijifungua mtoto wa kwanza, akapasuliwa, na mke wangu akashuka kwenda kumuuguza. Tulidhani wiki mbili, zikazidi. Asubuhi ya kuondoka, gari linamsubiri, ananiambia:

"Mama usimguse."

"Nitamgusaje?"

"Lakini mguu wake usipasuke."

"Sasa usipasuke vipi bila mimi kumgusa?"

"Wewe ndiye mwanamume," akasema, akapanda gari.

Tulikuwa tumepanga jirani mmoja, mama wa makamo, aje kila asubuhi. Alimaliza siku mbili. Siku ya tatu nikasikia mama mkwe anamwambia ndani ya bafu, "Mama, tosha, asante, nenda nyumbani." Nikamuuliza mama mkwe baadaye, yeye ameelekea kwenye mikorosho.

"Ananikanda kama unga wa maandazi," akasema. "Na anajaza mafuta katikati ya vidole. Muuguzi alisema katikati pakae pakavu. Nikimwambia ananiambia ndiyo bibi, halafu anajaza."

"Nitafute mwingine?"

"Waje wapange foleni kunishika miguu? Nitajipaka mwenyewe."

Na alijipaka. Mikono bado ina nguvu. Lakini kisigino anakifikia kwa kubahatisha, hakioni, na hakisikii. Aliniambia nyayo zake zinakuwa kama amevaa soksi nene wakati wote. Mimi nikawa nakaa kwenye kigoda changu kila asubuhi nasikia maji yanamwagika bafuni, nawaza: yule muuguzi alisema mambo mawili, kupakwa na kutazamwa. La kwanza tunalo nusu. La pili hatuna kabisa. Usiku mke wangu alikuwa anapiga simu, swali lake la kwanza si kwamba nimekula. Ni, "Mguu?" Nami nasema, "Upo."

Wazo halikuwa langu. Ningependa kusema lilikuwa langu, maana wengine wamenisifia. Lilikuwa lake.

"Mkwe," akaniita siku moja kutoka bafuni. Bafu lake ni la makuti, mlangoni kumetundikwa kanga kuukuu.

"Naam, mama."

"Una boksi?"

"Boksi la nini, mama?"

"La dukani. Kavu. Upande wa ndani ambao haujaandikwa."

Nilikuwa na boksi la sabuni. Nikalipasua, nikalisukuma chini ya kanga kwa fimbo, uso nimeugeuza. Nikasikia anashika mti wa bafu, anahema, anakanyaga. Mguu mmoja, kisha wa pili. Halafu boksi likarudi chini ya kanga, linasukumwa na mpini wa dodoki lake la kusugulia mgongo.

"Mguu wangu huuoni," akasema. "Hilo ni boksi. Soma."

"Mama, mimi nimeishia la nne."

"Hapo hakuna herufi. Soma."

Nikalipeleka kwenye mwanga. Wallahi nilistaajabu. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye boksi yameacha nyayo mbili nzima, vidole kama kunde kumi, upinde wa katikati, na kisigino cha mviringo. Na kwenye kisigino cha kushoto, upande wa nje, mistari mitatu mikavu haikushika mafuta, myembamba. Magaga hayo yanaanza. Nikamwambia: kushoto, nje, mistari mitatu, wa kati mrefu kuliko wenzake, kama ukucha wa kidole kidogo. Akaongeza mafuta pale kwa kidole gumba, akaomba kipande cha pili cha boksi, akakanyaga tena. Mistari ikawa miwili.

"Eeh," akasema. "Sasa tunaonana."

Ikawa ndiyo kazi yetu. Kila asubuhi ukungu ukinyanyuka, anaoga, anajipaka akiwa na maji, anakanyaga, mimi nasoma. Maboksi niliyapanga kwenye ghala, moja juu ya jingine, ili nikipata shaka nilinganishe la leo na la jana. Mwenye duka akaniuliza, "Babu, unahama? Kila siku maboksi." Nikamwambia nahamisha mguu. Akaniona nimeanza kuchanganyikiwa.

Nilijifunza mguu wa mama mkwe kuliko ninavyoujua wangu. Nilijua kidole cha tatu cha kulia hakigusi chini vizuri. Nilijua siku ambazo upepo umezidi, kwa sababu mistari inarudi hata akipaka sana, na siku hizo namwambia apake na jioni pia kabla ya kuvaa soksi. Yeye ananijibu kwamba daktari amehamia Newala na hakuna aliyemtangaza. Nilimpenda sana kwa utani huo. Mtu anayetazamana na kukatwa mguu, anatania.

Wiki ya tano, asubuhi moja ya baridi kali, boksi likatoka na nukta.

Palepale kushoto, nje, kwenye mstari wa kati. Ndogo kama dengu, nyekundu inayokaribia kahawia. Nikadhani ni rangi ya boksi lenyewe, hata nikaligeuza kuona kama maandishi yamepenya. Hayakupenya. Nikaenda ghalani nikachukua la jana: mstari upo, nukta hamna. Nikampa boksi jipya bila kumweleza, nikamwomba akanyage tena. Nukta ikarudi, palepale.

"Mama, kuna kitu kimetoka."

"Mafuta."

"Mafuta hayana rangi hii."

"Basi boksi lako chafu."

"Nimebadilisha, mama. Hili ni la pili."

Akasema, "Lilete."

Nikalisukuma. Macho hayamwambii kitu, kwa hiyo nikasikia analinusa. Pua ile iliyonikamata mimi na mafuta ya korosho enzi hizo. Alinusa mara moja, akakaa, akanusa tena. Upepo ulikuwa unapigapiga kanga ya mlangoni na mimi naitazama ile kanga ilivyochakaa pindoni, sijui nitazame wapi pengine.

"Hiyo si nyonyo yangu," akasema.

Halafu akasema tumsubiri mwanawe arudi. Mwanawe, yaani mke wangu, alikuwa arudi Jumamosi ya wiki inayofuata. Siku tisa. Na mimi katika maisha yangu yote sijawahi kumwambia mama mkwe hapana. Hata aliponiambia nikate mkorosho uliokuwa unazaa kuliko yote kwa sababu unatupa kivuli kwenye mihogo yake, niliukata. Nilisimama pale nje ya bafu, boksi la jana mkononi.

"Mama," nikasema, "mimi nilipojipaka mafuta ya korosho, wewe ulisubiri mtu?"

Nikasikia anacheka taratibu, kicheko cha puani.

"Ita pikipiki," akasema.

Nikaita bodaboda mbili. Kijana wa kwanza alipofika akatutazama. "Babu, mnatosha wote kwenye moja. Nyote mmekonda."

"Hatutoshi."

"Mbona napakia mpaka watu watatu na gunia."

"Nimekwambia hatutoshi. Huyo ni mama mkwe."

Akaelewa, ni mtoto wa pale. Akampigia mwenzake afanye haraka. Tukaenda zahanati tumefuatana kama harusi, yeye mbele amejifunika kanga mbili na sweta la mke wangu, mimi nyuma na boksi kwapani.

Muuguzi hakuwa yule wa zamani. Alikuwa binti mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya kaskazini. Akanisalimu shikamoo babu, nikaitikia marahaba, nikakaa nje chini ya dirisha langu. Baada ya muda akatokeza kichwa.

"Babu, wewe ndiye unaishi naye?"

"Ndiyo."

"Ni mwiba. Umepita kwenye kandambili, imelika kisigino mpaka imebaki kama karatasi, ukaingia kwenye ufa. Nimeutoa. Bado hakujaharibika, mmewahi. Mlijuaje, wakati bibi hasikii?"

Nikamwonyesha boksi. Akalitazama muda mrefu, akalipeleka kwenye mwanga kama nilivyofanya mimi. Hakucheka. Akasema, "Njoo ndani uone ninavyofunga, utakuwa unabadilisha wewe kila siku."

"Binti yangu, mimi ni mkwe wake."

"Vizuri, mkwe ni mtoto."

"Kwenu labda. Huku siwezi kuingia. Binti yake anarudi baada ya siku tisa."

"Basi mpaka hapo nani atamfunga? Kidonda hiki kikikaa siku tisa kinasubiri mtu, babu, mimi sitaki hata kusema."

Nilisimama mlangoni nimeangalia dari. Niliona jinsi nitakavyompigia mke wangu simu, nitakavyosema mguu upo, mpaka siku nitakayoshindwa kusema. Na sikuweza kupiga hatua. Aliyeamua ni yeye. Nilisikia kanga inafunguliwa, nikasikia sauti yake, si kwa muuguzi wala si kwangu, kama anasema na ukuta, vilevile alivyokuwa akisema enzi za zamani.

"Mwambie aingie atazame. Mimi sipo hapa."

Nikashusha macho. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha zahanati, kanga ameifunika kichwani, usoni, mpaka kifuani. Amejificha mwenyewe, akauacha mguu nje.

Nikautazama. Ngozi ya kifundo inang'aa. Kidole cha tatu kimepinda kama nilivyojua. Kisigino cha mtu aliyebeba ndoo za bondeni miaka na miaka, na ukiondoa lile tundu dogo jekundu, kilikuwa laini kuliko changu. Nilikuwa nakifahamu chote. Muuguzi akanifundisha: maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kukausha kwa kugusagusa, dawa yake, kitambaa, bandeji isibane. Mafuta pembeni kote, kidonda kisiguswe nayo, na katikati ya vidole pawe pakavu. Nikamwambia hayo ya mafuta nayajua. Akauliza nilisomea wapi. Nikasema nyumbani, kwa mtu ambaye hayupo hapa. Kanga ikatikisika kidogo.

Kandambili zile nilizitupa siku hiyohiyo. Nikamnunulia viatu vya kufunika, vya raba, ambavyo alivitukana na akavivaa.

Tukaendelea hivyo mpaka mke wangu aliporudi. Asubuhi anatoka bafuni, anakaa kwenye kigoda barazani, anajifunika kanga usoni. "Sipo," anasema. Nami nachuchumaa nafanya kazi. Nikimuuliza, "Mama, nimebana?" hajibu, maana hayupo. Nikishamaliza na kunawa, nikasogea mbali kwenye kigoda changu, anafunua kanga, anaelekea kwenye mikorosho, na kunisalimu kama mtu aliyeingia kutoka safari.

"Mkwe, umeamkaje?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Baridi imepungua?"

"Inapungua, mama."

Mke wangu alirudi Jumamosi, kidonda kimeshafunga, kimebaki kovu dogo kama la chanjo. Nilimweleza yote, na nilipofika sehemu ya kanga usoni akainuka, akaenda kukaa na mama yake jikoni muda mrefu. Kisha akaenda ghalani kutafuta korosho za kupeleka Masasi kwa mzazi, akayakuta maboksi. Nikasikia anacheka peke yake mle ndani. Akayatoa nje apate kuwashia moto, na mama mkwe, ambaye haoni, akasikia yanavyokwaruza ardhi.

"Hayo yaache."

"Mama, ni maboksi ya sabuni."

"Najua ni nini. Yaache."

Jumatatu yake kazi ilirudi kwa mwenyewe. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nanoa panga, sina habari na mtu. Nasikia mke wangu anampaka mama yake bafuni, wanazungumza habari za mtoto mchanga, kwamba ngozi yake imetoka kavu na inabanduka, na bibi mzaa bibi anaagiza apelekewe chupa ya ufuta mtupu, nyonyo ni nzito kwa mtoto. Mke wangu akasema, "Haya mama, nimeshatazama, nyayo zote safi."

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama, mama."

"Lete boksi."

Likaja chini ya kanga, taratibu, linasukumwa na mpini wa dodoki, likasimama mbele ya miguu yangu. Nikaweka panga chini, nikafuta mikono, nikalipeleka kwenye mwanga.